Babu Wawili na Mechi ya Siku ya Jina

Pale Muheto, kwenye milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, mtu akitaka kujua hali ya nchi hakuhitaji redio. Alihitaji tu kupanda mpaka kwenye kibanda anamotengenezea jibini Papa Ndayambaje, amsalimie, kisha anyamaze. Mengine yangekuja yenyewe. Papa Ndayambaje alikoroga maziwa kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto alikoroga serikali.

Hakuwa mtu mbaya. Alilima maharage na mihogo kama majirani zake, alikuwa na ng'ombe wachache, na Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani ili padri amwone. Ila alikuwa amelipa kodi tangu ndevu zake zikiwa mbili tatu, na mtu aliyelipa muda mrefu bila kuona alichokinunua huota ulimi mrefu.

Kuhusu uchaguzi alikuwa na maneno yake. Mara ya mwisho taifa lilipopiga kura, Masisi haikupiga, kwa sababu ya vita. Kabla ya hapo lakini, katika kampeni zote alizoziona maishani, zawadi hazikukosa kufika. "Fulana ilifika," alikuwa akisema, "kofia ikafika, kitenge ya bamama ikafika. Kura njo ilikosaka njia." Fulana hizo alikuwa nazo bado. Alizifungia jibini, maana zilikuwa nyepesi na zilipitisha hewa.

Kuhusu kodi alikuwa na maneno mengi zaidi. Alilipia soko, alilipia kupita, alilipia kukaa. Wenye silaha wa upande huu walipoondoka alilipia amani. Wa upande ule walipokuja alilipia makaribisho. Siku moja akasikia kwamba nchi imezilipa klabu za Ulaya ili ziandike jina la Kongo kwenye jezi zao. Alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa franga yetu inavaliwa na bazungu benye kukimbia," akasema. "Na hii barabara yetu ya Muheto haina hata soksi!"

Mtu mwenye macho makali namna hiyo ungedhani hadanganyiki na chochote. Lakini kila mtu ana mahali pake pa ujinga, na pa Papa Ndayambaje palikuwa Léopards, timu ya taifa. Mbunge akisema atajenga daraja, Papa Ndayambaje aliuliza mbao ziko wapi. Kocha wa Léopards akisema mwaka huu tunachukua kombe, Papa Ndayambaje aliamini, akaenda kuwaambia na ng'ombe.

Basi, binti yake wa mwisho, Gentille, aliyeolewa kule Kirotshe kando ya ziwa, akajifungua mtoto wa kike. Mama Adelaïde, mke wa Papa Ndayambaje, alishuka mara moja kwenda kumsaidia mzazi. Papa alibaki mlimani na ng'ombe, akihesabu moyoni siku ya jina.

Hapo panahitaji maelezo kidogo. Katika ukoo wao mtoto hapewi jina siku anayozaliwa. Wanangoja siku nane, kisha watu wanakusanyika, wa kuumeni na wa kukeni. Upande wa mama unaleta maziwa, na mzazi anayanywa mbele ya watu wote ili wajue kwamba kwao hawajamsahau. Baada ya maziwa, kila mzee anataja jina alilokuja nalo, na baba wa mtoto anachagua. Mama wa mtoto siku hiyo hasemi jina. Kazi yake amekwisha kuifanya. Na jina la marehemu hutajwa na mtu wa damu yake, si mwingine. Asiyekuwepo na lake halipo.

Jina alilotaka kulitaja Papa Ndayambaje lilikuwa Mukandori. Ndivyo alivyoitwa mama yake mzazi, yule aliyemfundisha kugandisha maziwa, na ambaye katika vita vya zamani alivuka vilima vitatu usiku na mchana, mwanawe huyu mgongoni na chombo cha maziwa kichwani, akafika na vyote viwili. Wajukuu walikuwa wengi lakini hakuna hata mmoja aliyelibeba jina lake. Wazazi wa kisasa walisema linanuka moshi. Wakawaita watoto wao Astrid na Céline na majina mengine ya kwenye televisheni. Dada zake Papa Ndayambaje walikuwa wamekwisha kufa wote. Gentille ndiye alikuwa wa mwisho kuzaa, na baba yake alijua vizuri kwamba jina lisipotajwa siku hii halitatajwa tena na mtu. Jambo hili lilimuuma kuliko kodi zote, na hakulifanyia mzaha.

Siku yenyewe ilipofika, alikamua alfajiri ng'ombe wake bora, akajaza chombo cha mti alichoachiwa na mama yake, chenye mfuniko wa kusukwa. Pembeni akaweka dumu la mashanza, yale maziwa ya kuganda ambayo watu wa ziwani huyaota usiku. Mama Adelaïde alikuwa amempigia simu. "Kuya mapema," alisema. "Katekista wa kubariki mutoto iko na mazishi jioni, hatatungojea." Papa akamwita Élysée, mwenye pikipiki, mtu mzima wa makamo anayeendesha taratibu kwa sababu ana watoto saba, wakateremka.

Walikuwa katikati ya njia, mchana, walipofika kwenye baryeri.

Kizuizi hicho kilikuwa mwanzi mrefu uliolazwa barabarani, na mwenye mwanzi alikuwa Papa Evode. Papa Evode alikuwa amekusanya kodi chini ya serikali moja, kisha chini ya wale walioifukuza, kisha chini ya wale waliowafukuza wale walioifukuza. Bosi alibadilika, bendera ikabadilika, Papa Evode hakubadilika. Alijua nani anapita na nini, na mkubwa yeyote mpya mwenye akili hamfukuzi mtu wa namna hiyo. Tatizo lilikuwa moja tu: Papa Evode huyu alikuwa baba yake Jean-Luc, na Jean-Luc ndiye mume wa Gentille. Kwa maneno mengine alikuwa babu wa pili wa mtoto.

Wazazi wa mke na mume kule huitana bamwana, na heshima yao haina mchezo. Wakasalimiana kwa mikono miwili. Wakaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za maharage. Élysée alizima pikipiki, maana aliona safari ya maneno ni ndefu kuliko ya barabara.

"Sasa, bamwana," akasema Papa Evode kwa sauti ya upole sana, "hii maziwa iko ya kuuzisha?"

"Iko ya mujukuu wako."

"Mimi najua. Lakini baryeri haijue."

"Baryeri ni nani?"

"Ni mimi."

Papa Ndayambaje alimtazama. Alikuwa amelipia vitu vingi katika maisha yake, lakini kumlipa babu ili apeleke maziwa kwa mjukuu wa huyo huyo babu, hilo lilikuwa jipya. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Bamwana, elewa," akasema Papa Evode. "Nikikuachilia wewe leo, kesho bantu bote batasema maziwa yao iko ya mujukuu wangu. Nitakuwa na bajukuu ku kila kilima."

"Na wewe, haukuyi ku siku ya jina?"

"Nakuya! Nangojea mechi iishe. Jina yangu inatoka humu." Akapiga kofi redio iliyokuwa juu ya jiwe. Alasiri hiyo Léopards walikuwa wanacheza na timu moja ya Magharibi, ambayo Papa Ndayambaje mpaka leo anakataa kuitaja. "Bakishinda, mutoto ni Victoire. Nimeshapanga."

"Na bakipoteza?"

"Bamwana!" akasema Papa Evode, kama mtu aliyetukaniwa mama.

Hapo ndipo Papa Ndayambaje angelipa, au angegombana, kisha angeenda zake. Njia ilikuwa mbele yake. Lakini redio ikaanza kutaja majina ya wachezaji, mmoja mmoja, na miguu yake ikakaa. Akaanza kujitafutia sababu, na mwenye kutafuta sababu hakosi. Alijiambia: huyu ndiye babu wa kuumeni. Watampaje mtoto jina bila yeye? Maadamu Evode amekaa hapa, kule Kirotshe hakuna kinachoanza. Heri nimlinde. Nusu ya kwanza tu.

Papa Evode naye, akikunja miguu juu ya benchi, alikuwa na hesabu yake: maziwa yako hapa. Wataanzaje bila maziwa? Heri nimlinde.

Basi wakalindana. Kila mmoja aliketi akiwa na uhakika kwamba amemshika mwenzake, na sherehe nzima imo mfukoni mwake. Na tuseme ukweli, hata kama Evode asingekuwepo, Papa Ndayambaje asingeipita ile redio. Alikuwa amekwisha kushuka kwenye pikipiki.

Watu waliozuiliwa kwenye baryeri nao wakasogea: akina mama wa soko na mihogo yao, dereva wa lori la mbao, mwenye mbuzi wawili, hata kijana mwenye bunduki aliyepaswa kuwaangalia akaiegemeza kwenye ukuta ili asikilize vizuri. Hakuna aliyelipa na hakuna aliyedai. Mwanzi ulibaki barabarani peke yake, na mtu yeyote angeweza kuuinua akapita bure. Hakuna aliyepita.

Wale wa Magharibi wakafunga kwanza. Papa Ndayambaje akaeleza kwa nini: mwamuzi. "Arbitre ni kama gavana," alisema. "Anatoka mbali, hajue mutu, na filimbi iko yake." Watu wakakubali. Nusu ya kwanza ikaisha, akasema anaondoka. Nusu ya pili ikaanza, akasema anasikiliza kona moja. Élysée akaja kumgusa bega.

"Papa, katekista."

"Nasikia. Hii kona tu."

Ikawa kona, ikawa faulo, ikawa kona nyingine. Karibu na mwisho, wakati hata mwenye mbuzi alikuwa ameanza kuwafungua aende zake, Léopards wakasawazisha.

Hapo sijui nikuelezeje. Dereva wa lori alimbusu mwenye bunduki. Mama mmoja alirusha mihogo juu, na mihogo si kitu cha kurusha. Papa Ndayambaje alimkumbatia Papa Evode, bamwana mbele ya bamwana, mkono shingoni, jambo ambalo adabu hairuhusu hata kwenye msiba. Na katika furaha hiyo, akitafuta kitu cha kuwapa watu, kwa kuwa furaha bila kugawa ni nusu furaha, akafungua chombo cha maziwa.

"Kidogo tu," alisema. "Bamwana aonje."

Alipaswa kujua. Hakuna mtu wa mlimani asiyejua. Maziwa yakifunguliwa mbele ya watu hayafunikwi tena mpaka kila aliyepo aonje. Ukiyafunika mapema umewaambia kwamba wao si watu, na ng'ombe wako atakauka maziwa. Papa Evode akaonja. Dereva akaonja. Akina mama wakaonja, wakampitishia mwenye mbuzi. Mwenye bunduki akaonja mara mbili, na nani atamwambia kitu. Wakati Papa Ndayambaje anapokea chombo, alikiona chepesi. Akatazama ndani. Ilibaki harufu nzuri tu.

"Si neno," akajiambia, "mashanza iko."

Ikaja prolongation, zile dakika za nyongeza, na zile dakika zinakausha koo vibaya sana. Mashanza nayo ikaenda.

Simu yake ikalia mfukoni. Ilikuwa Mama Adelaïde. Wakati huo huo redio ilisema mpira umewekwa kwenye nukta kwa ajili ya penalti ya kwanza. Papa Ndayambaje aliangalia simu, akaangalia redio, akakata simu. Dakika hiyo hiyo simu ya Papa Evode ikalia, naye akaikata. Wakaangaliana kama wezi wawili waliokutana ndani ya nyumba moja.

Léopards walikosa penalti ya mwisho.

Papa Evode akazima redio. Mtu akakohoa. Kisha, bila kuambiwa na mtu, watu wakajipanga mstari mbele ya mwanzi, kila mmoja na mzigo wake, na kodi ikarudi kazini kabla hata huzuni haijakaa vizuri. Ilipofika zamu ya Papa Ndayambaje, Papa Evode akasafisha koo.

"Bamwana, sasa ile ya maziwa…"

"Maziwa gani?"

Wakainama wote wawili, wakachungulia ndani ya chombo. Papa Evode akainua mwanzi mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Papa Ndayambaje akapita baryeri bila kulipa, kwa sababu hakuwa na kitu.

Wakapanda watatu juu ya pikipiki moja, babu mmoja mbele ya mwingine. Walipofika mahali ziwa linapoonekana, Papa Evode akasema kwa sauti ndogo kwamba amefikiri upya, na kwamba Revanche, yaani kulipa kisasi, nalo ni jina zuri kwa mtoto wa kike. Papa Ndayambaje alikuwa anarudia la kwake kimoyomoyo, Mukandori, Mukandori, kama mtoto aliyetumwa dukani akiogopa kusahau.

Kirotshe walifika jua limezama. Uani, kina mama walikuwa wanaosha sahani. Unapoona sahani zinaoshwa huhitaji kuuliza. Jean-Luc alikuwa anarudisha viti vya jirani. Aliwaona baba yake na baba mkwe wake wakishuka, akaweka kiti chini, kisha akakiinua tena akaendelea, maana alikuwa kijana mwenye adabu na hakutaka kusema kilichokuwa mdomoni.

Mama Adelaïde yeye adabu hiyo hakuwa nayo. "Mumefika," alisema. "Mutoto anaitwa Patience. Katekista aliuliza babu ziko wapi. Tukasema tungoje. Akauliza tena. Tukasema tungoje. Jua ikaanza kwenda, akasema bamungojee na ye ku mazishi? Jean-Luc akasema, basi, kama ni kungojea na kuvumilia, mutoto aitwe Patience."

Papa Evode akajaribu kucheka, akaona haichekeki.

Papa Ndayambaje aliingia ndani. Gentille alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, mdogo, mwekundu, amekunja ngumi kama anayekataa kulipa. Mtoto alikuwa na paji la uso la Mukandori mwenyewe. Papa Ndayambaje aliliona paji hilo, akaketi kwenye kigoda.

"Papa," akasema Gentille, "nilimwambia Jean-Luc yote. Alikubali. Ungesema tu Mukandori, njo angechagua. Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema. Nilikaa hapa naangalia mulango."

Baba yake aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hapakuwa na gavana wala mbunge wala mwamuzi wa kumtupia lawama. Alitafuta, kwa mazoea, na hakumpata.

"Na maziwa?" akauliza Gentille. "Kinywa yangu imekauka tangu asubuyi. Mama alisema nisikunywe kitu mbele ya maziwa ya kwetu."

Papa Ndayambaje alikishika chombo magotini kwa mikono miwili. "Ilitoka kweli," akasema. "Ilijaa. Ilitoka Muheto asubuyi mapema."

"Na kisha?"

"Kisha… ku njia, kulikuwa bantu."

Gentille alikuwa amekulia katika kile kibanda cha jibini, aliyasikia yote yaliyosemwa mle tangu hajaota meno. Midomo yake ikaanza kutetemeka, na baba yake akadhani atalia. Haikuwa hivyo, ingawa macho yalilowa kidogo.

"Maziwa ilitoka yote," akasema polepole, "ikakunywewa ku njia. Bantu bakangojeshwa mupaka usiku. Na simu haikamatwe. Papa, leo na wewe ulikuwa serikali."

Kule uani mtu aliangusha sahani kwa kucheka. Papa Ndayambaje akafungua mdomo kueleza kwamba kulikuwa na prolongation, kwamba hali haikuwa ya kawaida, kwamba mambo yalionekana tofauti ukiwa pale. Kisha akaufunga, kwa sababu alijisikia mwenyewe akitafuta sababu, na hivyo ndivyo wakubwa wote huanza.